Imamu Ghazali na Ulimi Uliogoma



Ndugu msomaji, katika ukurasa huu nimechagua maisha ya Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wetu tunamjua kwa lakabu ya Hujjatul Islam na kwa kitabu chake kikubwa, Ihyaa Ulumid Din. Sikusudii kueleza falsafa yake wala fikihi yake yote, kwani hayo yana wenyewe. Nataka kufuata uzi mmoja tu. Mtu huyu alisifiwa kuliko karibu kila mwanachuoni wa zama zake, akalaumiwa pia, kisha akaketi akaichunguza nafsi yake: inafanya nini inaposifiwa, na inafanya nini inapolaumiwa?

Jambo hili si geni kwetu. Ndugu anayetoa mada baada ya swala ya Ijumaa, dada anayesoma Qur'ani kwa sauti nzuri, yule tunayemtanguliza kila mara kwenye midahalo ya dini, hata aliyeongoza darasa katika mitihani, wote wanaijua ile dakika ya kurudi kukaa kitini. Mada imekwisha, lakini moyo ndiyo kwanza unaanza kazi: wamenionaje? Nami huwa nasimama mbele ya watu katika vikao vyetu, kwa hiyo nayaandika haya nikiwa ndani ya nyumba, si dirishani.

Alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na 1058, huko Tus katika nchi ya Khurasani, ambayo leo iko Iran. Inasimuliwa kuwa baba yake alikuwa msokotaji wa sufi, mtu masikini aliyependa kukaa karibu na wanavyuoni ingawa yeye mwenyewe hakusoma. Alipokaribia kufa aliwakabidhi watoto wake wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo. Akiba ikaisha. Yule mlezi, naye fakiri, akawashauri waingie madrasa, maana mwanafunzi wa madrasa alipewa chakula. Baadaye Imamu alikuwa akikumbuka wazi kwamba hawakuiendea elimu kwa ajili ya Mungu, waliiendea kwa ajili ya tumbo, ila elimu yenyewe ikakataa kubaki huko. Mwanafunzi wa leo aliyechagua fani kwa ajili ya mkopo wa serikali au ajira asijione mpweke.

Kijana akaenda Jurjan kusoma, akaandika daftari nyingi za masomo. Njiani akirudi nyumbani, msafara ukavamiwa na majambazi wakachukua kila kitu. Ghazali akawafuata. Mkubwa wao akamwonya arudi la sivyo atakufa. Akamwomba arudishiwe kitu kimoja tu kisicho na faida kwao, yaani daftari zake, kwa kuwa alisafiri na kutaabika ili kuipata elimu iliyo ndani yake. Jambazi akacheka. Akamshangaa mtu anayedai kuijua elimu ambayo ukimnyang'anya mfuko tu anabaki hana kitu. Kisha akaamuru arudishiwe.

Mimi naipenda sana habari hii. Aliyemkosoa alikuwa mwizi, mwenye mikono michafu, na alisema kwa dhihaka. Kijana yule alikuwa na kila sababu ya kujibu kwamba huna haki ya kunifundisha. Badala yake alilichukua lile neno kana kwamba Mungu ndiye aliyemtamkisha yule mtu, akaenda zake Tus, akakaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika. Hakusimama kumpima msemaji. Aliangalia kama lililosemwa ni kweli. Ukiuliza kwa nini aliweza, nadhani ni kwa sababu wakati ule bado hakuwa na jina la kulinda.

Jina lilikuja upesi. Alikwenda Nishapur kwa Imamul Haramayn al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii wa wakati ule, akasoma kwake fikihi, usuli, mantiki na elimu ya mjadala, akawapita wenzake. Abdul Ghafir al-Farisi, mwanahistoria wa Nishapur aliyemjua Ghazali ana kwa ana, anaeleza jambo ambalo waandishi wa sifa tupu hulipita: kwamba mwalimu alikuwa akijionyesha mbele za watu kujivunia mwanafunzi wake, lakini ndani hakuifurahia sana ile kasi yake. Sitaki kumdhania vibaya Imamul Haramayn. Nalitaja ili tuone kwamba hata katika chumba cha wakubwa wa elimu, sifa ya mmoja humgusa mwingine mahali panapouma.

Juwayni alifariki mwaka 478 (1085). Ghazali akaenda kwenye kambi ya waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, Nidhamul Mulk, mahali palipokusanyika maulamaa kujadiliana. Akawashinda. Mwaka 484 (1091) waziri akamteua kuwa mwalimu wa Madrasa Nidhamiyya ya Baghdad, naye hajafika umri wa miaka thelathini na mitano. Wanafunzi mia tatu walikaa mbele yake. Hata wakuu wa Kihanbali kama Ibn Aqil walihudhuria darsa zake na kustaajabu. Mmoja wa watu wa Baghdad alisimulia kwamba siku Ghazali alipoingia mjini walikadiria thamani ya mavazi yake na mnyama wake wa kupanda, wakapata dinari mia tano. Zishike dinari hizo, tutazirudia.

Miaka minne alikaa katika kiti kile. Alifundisha, alitoa fatwa, aliandika, na alisoma vitabu vya wanafalsafa peke yake katika saa alizoziiba baina ya darsa, mpaka akaandika kitabu chake mashuhuri cha kuwapinga. Kwa macho ya watu hakupungukiwa na kitu. Yeye mwenyewe ameeleza katika al-Munqidh min adh-Dhalal, kitabu alichoandika kuhusu safari yake ya kiroho, kwamba alianza kuitazama nia yake katika kufundisha. Akaona haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kilichomsukuma kilikuwa ni kutafuta jaha na kuenea kwa jina.

Hapo ndipo ilipoanza vita. Asubuhi anaazimia kuondoka Baghdad, jioni matamanio yanaushambulia ule uamuzi na kuubomoa. Anaweka mguu mmoja mbele, anarudisha mwingine nyuma. Nafsi ikimwambia kuwa hili ni jambo la kupita, kwamba akiacha cheo hiki kisicho na mshindani huenda kesho akakitamani asikipate. Ilimchukua karibu miezi sita, kuanzia Rajabu ya mwaka 488, yaani Julai 1095. Kisha ulimi ukagoma. Alikuwa akijikaza afundishe walau siku moja ili kuwaridhisha waliokuwa wakimjia, na neno halitoki. Huzuni ikashuka tumboni, akashindwa kumeza chakula na hata maji. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa huu umeanzia moyoni na kutoka hapo umeenea mwilini.

Wapo waandishi wa siku hizi wanaoeleza kisa hiki kwa siasa: Nidhamul Mulk aliuawa mwaka 1092, nchi ikawa na fitina, Ghazali akaogopa. Inawezekana hofu ilikuwa na sehemu yake. Mwanadamu ana sababu nyingi kwa wakati mmoja. Lakini mtu anayeogopa kuuawa hukimbia. Huyu alibaki miezi sita akigombana na nafsi yake juu ya kiti. Na kiungo kilichoshindwa mwilini mwake ni kile kile kilichompatia sifa. Kwangu mimi hilo linatosha kumsadiki.

Mwezi wa Dhulqaada mwaka 488 akatoka. Alitangaza kwamba anakwenda Makka, huku moyoni akikusudia Shamu, akihofia khalifa na marafiki wasimzuie. Akagawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto. Nduguye Ahmad akashika nafasi yake ya kufundisha. Maulamaa wa Iraki hawakuweza kuamini kwamba mtu anaweza kukiacha cheo kile kwa sababu ya dini, kwa maana wao walidhani cheo kile ndicho kilele cha dini. Waliokuwa mbali wakasema watawala wamemfukuza. Waliokuwa karibu na watawala waliwaona jinsi wanavyomng'ang'ania naye anakataa, wakasema ni jicho baya limewapata Waislamu. Kila mtu alitoa maelezo yake, na hakurudi kuwasahihisha.

Huko Damascus alikaa karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa Msikiti wa Bani Umayya na kujifungia humo mchana kutwa. Akaenda Baitul Maqdis, akajifungia katika Kuba la Mwamba. Mwaka 489 alisimama kwenye kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.) mjini Khalil, akaweka ahadi tatu: asichukue mali ya sultani, asimwendee sultani, na asiingie tena katika mijadala ya kushindana. Ahadi ya tatu ndiyo inayonishughulisha, maana mjadala ndio uliomtoa Tus na kumfikisha Baghdad. Alikata mti aliopandia.

Imesimuliwa pia kwamba siku moja, akiwa Damascus katika nguo za kifakiri, aliingia madrasa akamkuta mwalimu anafundisha huku akitaja kauli za Ghazali. Hakuna aliyemtambua. Akaogopa ujub, yaani kujiona, usimwingie, akauhama mji. Sina namna ya kukata kwamba ilikuwa hivyo hasa, lakini wanaosimulia walielewa tabia ya ugonjwa: sifa haihitaji kuletwa mbele ya uso wako. Inatosha uisikie ukiwa umejificha nyuma ya nguzo.

Katika miaka hiyo ndipo aliandika Ihyaa, vitabu arobaini katika robo nne. Robo ya tatu inahusu mambo yenye kuangamiza, na kitabu cha nane cha robo hiyo kinahusu jaha na riyaa. Ndugu zangu, ikiwa huna muda wa kusoma Ihyaa yote, soma hicho. Humo Imamu anauliza swali ambalo sikulikuta limeulizwa vizuri hivi kwingineko: kwa nini sifa ni tamu?

Jibu lake la kwanza na zito ni kwamba sifa huipa nafsi hisia ya ukamilifu. Kisha anaingia ndani zaidi. Ukisifiwa kwa jambo lililo dhahiri, tuseme urefu wa kimo chako, utamu wake ni mdogo kwa kuwa unalijua tayari. Ukisifiwa kwa jambo ulilo na shaka nalo, kama elimu yako au ucha Mungu wako, utamu unakuwa mkubwa, kwa sababu sifa inakuondolea shaka. Na ukisifiwa na mjuzi, raha inazidi kuliko ukisifiwa na asiyejua. Tazama maana yake: tunakimbilia sifa pale pale tulipo na wasiwasi. Mwanafunzi anayetaka kila saa aambiwe kwamba ni mwerevu, huyo hana uhakika na werevu wake. Na lawama inauma kwa njia ile ile, ikigusa mahali pale pale.

Lipo na lingine. Anayekusifu amekuonyesha kwamba moyo wake umeutawala. Akikusifu mbele ya watu anakuwindia na mioyo ya wengine. Na ikiwa alikusifu bila kupenda, kwa kuogopa cheo chako, bado unafurahi, kwa kuwa imethibitika una nguvu juu yake. Kwa hiyo mara nyingi tunachoonja katika sifa si wema wetu hata kidogo. Tunaonja utawala.

Dawa anayotoa haina mapambo. Sifa uliyosifiwa unayo au huna. Kama huna, furaha yako ni ya kichaa, na anapiga mfano ambao ungechekesha darasa zima: mtu anaambiwa kwamba matumbo yake yamejaa manukato na kwamba akienda haja hutoka harufu nzuri, naye anajua vizuri kilichomo tumboni mwake, lakini anafurahi. Kama unayo, na ni ya dunia, ni majani yatakayokauka. Na kama ni ya dini, hujui mwisho wako utakuwaje. Vipi unasherehekea kabla ya mwisho?

Kwa upande wa lawama anasema anayekulaumu ama ni mkweli mwenye nia njema, ama mkweli mwenye nia mbaya, ama mwongo. Wa kwanza amekupa zawadi. Wa pili amejidhuru yeye kwa nia yake, wewe umefaidika. Ni kama mtu anayekaribia kuingia kwa mfalme na nguo yake ina najisi asiyoijua, akatokea mtu akampigia kelele kwamba amechafuka. Namna ya ile kelele si muhimu. Bahati ni kwamba hajaingia bado. Wa tatu, yule mwongo, amekutaja kwa aibu usiyokuwa nayo, lakini unazo nyingine ambazo Mungu amezisitiri. Basi shukuru hakuziona hizo.

Halafu linakuja jambo ambalo liliniweka macho usiku. Wengi wetu tukishasoma haya tunasema basi, kwangu sifa na lawama ni sawa. Imamu hakubali. Anakutaka ujipime. Aliyekulaumu akija kukaa nawe, je, kikao chake ni kizito kwako kuliko cha aliyekusifu? Akiwa na shida, unachangamka kumsaidia kama unavyochangamka kwa yule mwingine? Akiteleza, unalihesabu kosa lake kuwa kubwa kuliko kosa lile lile likifanywa na msifu wako? Akifa, huzuni inapungua? Ndugu msomaji, fikiria tu jina la mtu mmoja katika jumuiya yako aliyewahi kukukosoa hadharani, kisha yapitie maswali haya moja baada ya jingine. Na nafsi ni hodari: itakuambia kwamba unamchukia kwa ajili ya Mungu, kwa kuwa yeye ametenda dhambi ya kukusengenya. Imamu anakuuliza kwa nini basi huchukii hivyo wengine wanaotenda dhambi kubwa zaidi ambao hawakukutaja.

Hakuwaambia watu waache amali kwa kuogopa riyaa. Hapo anatofautiana na baadhi yetu tunaokataa kutoa mada kwa kisingizio cha ikhlasi. Kuacha kheri kwa kuogopa kuonekana, kwake, ni kumpa shetani alichokuwa akikitaka tangu mwanzo. Na alijua kwamba hata nguo zenye viraka, macho yaliyoinamishwa na uso uliodhoofika kwa saumu vinaweza kuwa duka la kuuzia sifa. Kwa hiyo mnara wa Damascus peke yake haukumtosha kuwa dhamana.

Alirudi Khurasani. Na watu walewale wa Baghdad waliokadiria mavazi yake, alipopita tena walikadiria upya: qirati kumi na tano. Hata hivyo, nakiri sioni kama aliuzika kabisa ule moyo wa zamani. Mwaka 499 (1106) Fakhrul Mulk, mtoto wa Nidhamul Mulk, alimshika arudi kufundisha katika Nidhamiyya ya Nishapur. Katika kueleza kwa nini alikubali, anataja kwamba karne mpya ilikuwa inakaribia na kwamba watu wema walimpa bishara ya kuwa Mungu huhuisha dini kila mwanzo wa karne. Msomaji makini atasikia humo sauti ya mtu anayejua thamani yake. Lakini anasema pia kwamba zamani alifundisha elimu ya kuipata jaha, na sasa anafundisha elimu ya kuiacha. Mimi nayachukua yote mawili.

Lawama zilimngoja Nishapur. Wapinzani walifukua kitabu chake cha ujanani, al-Mankhul, wakachukua maneno yake makali kuhusu Imamu Abu Hanifa, wakamshitaki kwa Sanjar, mtawala wa Khurasani. Ghazali akaandika kuomba udhuru kwa ahadi yake ya Khalil. Mwishowe ikambidi aende, akajieleza, akaondoka kwa heshima. Ilikuwa ni kuvunja neno aliloliweka mbele ya kaburi la Nabii, na lazima lilimuuma.

Wengine walimshika kwenye Kiarabu chake, wakasema anakosea nahau. Abdul Ghafir anasimulia kwamba alipoambiwa alikubali, akasema hakuzama sana katika fani hiyo, akawaruhusu wasomaji wa vitabu vyake wasahihishe lafudhi, kwani alichokusudia ni maana. Huyu ndiye aliyewanyamazisha wanafalsafa! Na Abdul Ghafir mwenyewe hakuja kwake kama mfuasi. Alimkumbuka wa zamani: mkali, mwenye kudharau watu, aliyeghururika na ufasaha wake. Aliposikia amebadilika alidhani ni vazi la kujionyesha. Akamtembelea mara nyingi, akamchunguza, ndipo akasadiki kwamba kinyume chake ndiyo kweli.

Mwaka 503 (1109), mbali huko Qurtuba katika Andalus, Ihyaa ilichomwa moto kwa amri ya watawala wa Murabitun. Wakati huo yeye yuko Tus, ambako pembeni ya nyumba yake alijenga madrasa kwa wanafunzi na zawiya kwa masufi. Alikuwa ameshakiri kuwa bidhaa yake katika elimu ya Hadithi ni haba, na ni kweli. Karne tatu baadaye al-Hafidh al-Iraqi alizipitia Hadithi za Ihyaa na kuonyesha zilizo dhaifu na zisizo na asili. Basi katika siku zake za mwisho, mtu ambaye kitabu chake cha fikihi, al-Wajiz, kilisharehewa na Imamu ar-Rafii, yule ambaye Muharrar yake Imamu Nawawi aliifupisha ikawa Minhaj tunayoisoma madrasani, alikaa tena kama mwanafunzi kusoma Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim.

Alifariki Jumatatu, mwezi 14 Jumadal Akhir mwaka 505, sawa na tarehe 18 Desemba 1111. Nduguye Ahmad anasimulia kwamba alfajiri alitawadha akaswali, kisha akaomba sanda yake. Akaibusu, akaiweka juu ya macho, akanyoosha miguu kuelekea kibla, akafa kabla jua halijachomoza. Aliacha mabinti tu. Watu walikuwa wamempa mali nyingi, akawa hazipokei, akitosheka na kipato kilichowatosha yeye na watoto wake bila kumwomba mtu.